Mistari 28 ya kibao cha Mamari: je, ni kalenda ya mwezi na jua?

Swali: Nimekuwa nikitazama picha za kibao kiitwacho Mamari, cha kisiwa cha Rapa Nui. Kina mistari 14 upande mmoja na 14 upande wa pili, jumla 28. Nilipohesabu alama za mistari miwili inayofuatana nilipata 59, yaani siku za miezi miwili ya mwandamo. Kwingine nimekuta mafungu ya alama 13 na ya alama 7. Je, si kweli kwamba rongorongo yote, yaani maandishi ya kisiwa hicho yaliyochongwa kwenye vibao, ni kalenda ya jua na mwezi, kila alama ikiwa siku moja? Na kibao hiki ni cha zamani kiasi gani? (Mwalimu wa hisabati, Tanga)

Jibu:

Mwalimu, kalenda imo ndani ya Mamari. Wanaoyachunguza maandishi haya hawabishani tena sana juu ya hilo. Ila haipo pale ulipoitafuta. Haimo katika idadi ya mistari wala katika jumla ya alama. Imebanwa katika kipande kifupi cha upande mmoja, kuanzia mstari wa 6 na kuishia mstari wa 9, na mistari mingine yote ya kibao inazungumzia jambo ambalo hakuna aliyelifumbua. Ukiisha kukiona kipande hicho kinavyofanya kazi, utajua kwa nini ile 59 yako hainishawishi.

Kwanza niwaeleze wasomaji wengine tunazungumzia nini. Rapa Nui, ambayo Wazungu waliiita Kisiwa cha Pasaka kwa sababu Mholanzi Jacob Roggeveen alifika huko siku ya Pasaka mwaka 1722, iko peke yake katika Pasifiki, na tangu 1888 ni sehemu ya Chile. Mwaka 1864 mmisionari Mfaransa, Eugène Eyraud, aliandika kwamba nyumbani kwa watu kulikuwa na vibao na fimbo za mti zilizojaa michoro midogo ya watu, ndege, samaki na mimea. Leo vimebaki vitu kama ishirini na kadhaa tu, vimetawanyika katika makumbusho ya dunia. Wasomaji wake hawakubaki kabisa. Kuanzia mwishoni mwa 1862 meli za watekaji kutoka Peru zilichukua watu zaidi ya elfu moja, wakiwemo wakubwa na wenye elimu, na wachache waliorudishwa walirudi na ndui. Kufikia 1877 kisiwa kizima kilikuwa na watu 111. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba wenyeji "walisahau" maandishi yao, mwambie watu hawakusahau, waliondolewa.

Sasa tuje kwenye Mamari yenyewe. Kibao hiki kiko Roma, katika hifadhi ya shirika la wamisionari waliokipata kupitia kwa Askofu Tepano Jaussen wa Tahiti. Ni kipande cha ubao chenye urefu wa sentimita 29 hivi, na kina alama zipatazo elfu moja. Hakisomwi kama kitabu. Unaanza chini kushoto, ukifika mwisho wa mstari unakigeuza kibao juu chini, kisha unaendelea na mstari wa juu yake. Kila mstari umepinduliwa ukilinganishwa na jirani yake. Nakutajia hili kwa sababu kuna waliohesabu alama "kutoka juu kwenda chini" bila kujua kwamba walikuwa wanaruka mistari.

Mjerumani Thomas Barthel, aliyeyapa maandishi haya orodha ya alama na namba zinazotumika hadi leo (kitabu chake ni cha 1958), ndiye aliyegundua kwamba katika mistari hiyo michache kuna kitu cha ajabu: michoro ya mwezi mchanga, mmoja baada ya mwingine. Miezi iliyoelekea upande mmoja ni 29. Katikati yao kuna mchoro mwingine usiofanana nao, mtu aliyekaa na vitu mbele yake. Waliochambua wanaona humo mwezi mpevu, kwa kuwa Warapanui husema ule uso tunaouona mwezini ni bikizee anayewasha tanuri la kuchimba ardhini. 29 na mmoja ni 30.

Hapo utaniambia: "Si ndiyo hesabu hiyohiyo ninayoisema mimi?" Ngoja kidogo. Hesabu ya 30 peke yake isingenishawishi hata kidogo. Kilichonishawishi ni namna ile miezi ilivyogawanywa.

Imepangwa katika mafungu 8. Kila fungu linatanguliwa na kundi la alama zilezile nne, kama kibwagizo, na kibwagizo hicho huishia kwa samaki aliyening'inia kwenye mshipi. Katika vibwagizo vinne vilivyo kabla ya mwezi mpevu, samaki ameelekeza kichwa juu. Katika vinne vilivyo baada yake, kichwa kiko chini. Mwezi unakua, kisha unapungua. Mvuvi yeyote hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Na bado jambo lenye nguvu zaidi sijalisema. Ili ulielewe, acha Pasifiki kwa dakika moja, uziangalie siku zetu wenyewe. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano: siku tano hazina majina, zina namba. Kisha zinakuja Alhamisi na Ijumaa, zenye majina yake. Sasa fikiria mgeni asiyejua neno la Kiswahili ameokota jiwe lenye alama saba. Tano za kwanza zinafanana, hazina pambo lolote. Mbili za mwisho, kila moja ina kialama chake pembeni. Mgeni huyo akiwa na orodha ya siku zetu mkononi ataruka kwa furaha, wala si kwa sababu zimefika saba. Atafurahi kwa sababu pambo limekaa palepale penye jina, na pasipo na jina hakuna pambo.

Mamari imekaa hivyohivyo. Desemba 1886 William Thomson, mhasibu wa meli ya kivita ya Marekani iitwayo Mohican, aliandika majina ya masiku ya mwezi kama alivyoyapata kisiwani. Baadaye Alfred Métraux alikusanya orodha nyingine. Katika orodha hizo mna masiku yenye majina: maharu, hua, rakau, omotohi ambayo ndiyo mwezi mpevu, tapume, matua, rongo na mengine. Lakini mna mafungu mawili ambayo masiku yake yanahesabiwa tu: kokore tahi, kokore rua, kokore toru, yaani kokore wa kwanza, wa pili, wa tatu. Fungu la kabla ya mwezi mpevu lina kokore sita. La baada yake lina watano. (Neno lenyewe ni ndugu wa korekore la Wamaori, lenye maana ya kutokuwa na kitu. Hayo ni masiku matupu.)

Rudi kwenye kibao. Kabla ya mwezi mpevu kuna miezi michanga sita mfululizo isiyo na alama yoyote pembeni. Baada ya mwezi mpevu iko mitano. Kwingine, miezi saba ina alama za ziada zilizoifuata. Sita na tano, katika mfuatano uleule, mahali palepale. Orodha iliandikwa na mhasibu wa meli asiyeweza kusoma kibao. Kibao kilichongwa na mtu ambaye hakuwahi kuiona orodha. Mashahidi wawili hawa hawakukutana kupanga maneno, nami ushahidi wa namna hiyo naupokea kwa mikono miwili.

Jacques Guy, aliyeandika uchambuzi mzuri wa kipande hiki mwaka 1990, aliongeza jambo linalohusu hesabu, nawe utalipenda. Mwezi unachukua siku 29.53 kutoka mwandamo hadi mwandamo. Kalenda ya zamani ya Rapa Nui ilikuwa na masiku 28 ya kudumu pamoja na mawili ya akiba, hotu na hiro, yaliyopachikwa yalipohitajika. Kibao kinaonyesha akiba hiyo. Mwishoni kuna miezi miwili imetengwa na wenzake, nayo imetanguliwa na kibwagizo kirefu kuliko vingine. Tena mwezi wa 11 umechongwa na uvimbe, na hapo ndipo Thomson na Métraux wanapoliweka hotu.

Guy alikwenda mbali zaidi. Kuna vimwezi vidogo, nusu ya ukubwa wa kawaida, vilivyoinuliwa juu kidogo karibu na usiku wa sita kabla na wa sita baada ya mwezi mpevu. Alipendekeza kwamba ni maagizo: tazama mwezi, ukiuona mdogo kuliko kawaida ujue uko mbali na dunia na unakwenda polepole, basi ongeza usiku mmoja. Fizikia yake ni sahihi, kwani umbali wa mwezi hubadilika kati ya kilomita 363,000 na 405,000 hivi, na ukiwa mbali huenda taratibu. Mimi hapo nasita. Mwezi ukichomoza nyuma ya minazi kila mtu huuona mkubwa, ukipanda juu huuona mdogo, na wala haujabadilika. Sijui ni jicho gani lingetegemewa kupima tofauti ile ndogo bila chombo. Nalichukulia pendekezo hilo kama dhana nzuri iliyosimama juu ya ugunduzi imara, na dhana ikianguka ugunduzi haudhuriki.

Tena angalia kwamba hata hapa hatusomi. Tunajua kipande hiki kinafanya nini, lakini hatuwezi kukitamka. Guy alijaribu kukisia sauti za baadhi ya alama zilizofuatana na miezi, kwa kuzioanisha na majina ya masiku, na yakabaki makisio. Hata Metoro, kijana wa Rapa Nui aliyemwimbia Askofu Jaussen vibao huko Tahiti, alikuwa akitaja picha anazoziona, moja baada ya nyingine, na mwezi mpevu wa Mamari hakuutambua. Ndiyo maana ninaposikia mtu ameijenga kalenda yake juu ya maneno ya Metoro, masikio yananisimama.

Sasa jua. Ulitaka mizunguko yote miwili, na nalielewa shauku lako, maana miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 na jua linadai 365, na pengo la siku 11 humsumbua kila anayelima. Warapanui nao walikuwa na majina ya miezi ya mwaka, Anakena, Hora iti, Hora nui, Koro, Maro na mengine, na waliingoja Matariki, ambayo ndiyo Kilimia chetu. Jina kwa jina orodha ipo. Ila mpaka leo hakuna sehemu yoyote ya rongorongo iliyooanishwa na orodha ya miezi ya mwaka kama masiku yalivyooanishwa na Mamari. Hakuna kibwagizo kinachojirudia mara 12 au 13 huku mapambo yakiangukia penye majina. Kuna alama yenye miale ambayo wengine huiita jua na wengine nyota, na kwa alama hiyo moja watu wamejenga maghorofa.

Wala usidhani kwamba mwenye kalenda ya mwezi lazima aiandike pamoja na ya jua. Wewe uko Tanga. Babu zako walifunga na kufungua kwa mwezi, lakini walipotaka kujua lini kusi linaanza au lini kupanda, walihesabu miongo, kumi kumi, tangu Nairuzi. Hesabu mbili zilikaa katika kichwa kimoja na hazikugombana. Aliyehitaji moja hakulazimika kuibeba nyingine. Aliyechonga Mamari huenda alihitaji masiku tu.

Nije sasa kwenye 59 yako, na nitasema waziwazi kwa kuwa wewe ni mtu wa hisabati. Orodhesha namba ambazo mpenda kalenda angezifurahia kati ya 1 na 30: 7 kwa robo ya mwezi, 10 kwa mwongo, 12 na 13 kwa miezi ya mwaka, 14 na 15 kwa nusu mwezi, 27, 28, 29 na 30 kwa mwezi mzima. Ni namba kumi kati ya thelathini. Ukijiruhusu kukosea kwa moja, ukisema "alama moja imefutika" au "siku ya kwanza haihesabiwi", zinakuwa 16. Zaidi ya nusu! Kwa masharti hayo hata risiti ya duka itakupa kalenda. Niliwahi kujaribu kwa maneno ya barua ya mwaliko wa harusi, nikapata mwezi mpevu katika aya ya pili.

Tatizo la pili ni zito kuliko hilo. Alama ngapi ziko katika mstari? Inategemea nani anahesabu. Wachongaji walipenda kuunganisha alama: mtu ameshika mmea, ndege ana mkono wa mtu. Je, hiyo ni moja au mbili? Orodha ya Barthel ina alama mia kadhaa kwa sababu aliipa kila umbo namba yake. Konstantin na Igor Pozdniakov, mwaka 2007, waliyavunja maumbo hayo wakabaki na alama 52 za msingi. Mstari uleule una jumla moja kwa Barthel na jumla nyingine kwao. Sitaki kukuuliza 59 yako uliipata kwa mtindo gani, ila jiulize mwenyewe: je, uliamua namna ya kuhesabu kabla ya kuhesabu, au uliacha pale namba ilipopendeza?

Na la tatu, ambalo kwangu linafunga mjadala. Miaka ya mwishoni mwa 1930 kijana wa Leningrad, Boris Kudryavtsev, aligundua kwamba vibao vitatu vina maandishi yaleyale: viwili vya jiji lake na kimoja cha Santiago. Waliovifuatilia baada yake wameonyesha kwamba wachongaji hawakunakili alama kwa alama. Mmoja ameunganisha alama mbili, mwenzake kaziacha mbalimbali. Mmoja ameongeza kitu, mwingine ameruka. Mistari pia haikatiki mahali pamoja, kwa sababu ubao mmoja ni mpana na mwingine mwembamba. Kama kila alama ingekuwa siku, nakala ya pili ingekuwa na mwaka wa urefu mwingine! Mwandishi anayehesabu siku hawezi kuruhusu hilo. Anayeandika utenzi, nasaba au dua, ambapo maneno ndiyo muhimu na umbo la kuyaandika ni hiari yake, anaruhusu bila wasiwasi. Kwa hoja hiyohiyo mistari 28 ya Mamari inatoka mkononi mwetu: idadi ya mistari inatokana na upana wa ubao na unene wa mkono wa mchongaji. Ubao wenyewe haukuwa na uchaguzi mpana, maana kisiwa kilikuwa karibu kimeishiwa miti, hata kibao kimoja kikubwa, Tahua, kilichongwa juu ya kasia la Kizungu.

Kama unataka kuendelea, na natamani uendelee, nakupa kazi ninayoiona ina faida. Chukua kile kibwagizo cha alama nne cha Mamari, ukitafute katika vibao vingine, hata vipande vyake. Andika mapema, kabla ya kuangalia, utakachokubali kuwa ni ushindi na utakachokubali kuwa ni kushindwa. Kisha tafuta orodha nyingine yenye umbo la majina na namba kama ile ya kokore: nasaba, koo, miezi ya mwaka. Wenzetu Butinov na Knorozov mwaka 1957 waliona katika kibao kidogo cha Santiago kitu chenye umbo la nasaba, jina la mtu likifuatwa na la baba yake, nao walifika hapo kwa kutazama mpangilio.

Uliuliza pia umri. Mwaka 2024 timu ya Silvia Ferrara wa Bologna ilitoa vipimo vya kaboni vya vibao vinne. Mti wa vitatu ulikatwa karne ya 19. Wa kimoja, kiitwacho Échancrée na ambacho si Mamari, ulikatwa kati ya 1493 na 1509, karne mbili kabla ya Roggeveen. Jihadhari hapo pia: kaboni inapima siku mti ulipokufa, haipimi siku mchongaji alipoketi na jino lake la papa. Gogo laweza kuelea baharini, au kukaa darini miaka mingi, kabla ya kupata mwenyewe.